Uzi: Kunasa satelaiti za redio ya ridhaa ukiwa Dodoma (futi ya chuma, simu na dishi la zamani)

Mlinda Anga Iyumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa SDR (kipokezi cha redio kinachoendeshwa na programu ya kompyuta) kuna jamaa aliuliza kama mtu wa kawaida, akiwa Dodoma, bila maabara wala mnara, anaweza kusikia satelaiti. Niliahidi nitafungua uzi wake, ndio huu. Wenye uzoefu karibuni mrekebishe na mkaongeze.

Kwa ambao hawajui tunazungumzia nini: juu ya vichwa vyetu zinapita satelaiti ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa. Hazihusiani na simu wala televisheni. Nyingine zimebeba ripita: wewe unatuma sauti kwa masafa fulani, yenyewe inaishusha kwa masafa mengine, na kila aliye chini ya eneo inaloliona anakusikia. Mambo haya ni ya zamani kuliko wengi wetu. Ya kwanza, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, yaani Tanganyika ikiwa na siku tatu tu za Uhuru. Ilikuwa inapiga neno "HI" kwa mosi (alama za Morse), basi, na mlio wake ukienda kasi au taratibu kufuata joto la ndani ya satelaiti. Betri ikaisha baada ya wiki kama tatu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Maelekezo karibu yote yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao kilio chao ni msongamano: satelaiti ikichomoza tu watu hamsini wanarukiana, huwezi kupenya. Huku kwetu ni kinyume chake. Anga ya kati ya Tanzania ni kimya. Satelaiti inapita juu ya Manyoni, Dodoma, Kilosa, haina mtu wa kuzungumza naye.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu kila mwongozo unamwambia mgeni aanze na SO-50. Ni satelaiti ya Saudia, ilirushwa Desemba 2002 na imezeeka kwa heshima. Inapokea 145.850 MHz na kushusha 436.795 MHz. Lakini SO-50 haisemi yenyewe. Ripita yake inalala mpaka mtu aiamshe kwa toni ya 74.4 Hz, hapo inakaa macho dakika 10, na wazungumzaji wanatumia toni ya 67 Hz. Ulaya kuna mtu keshaiamsha kabla wewe hujavaa viatu. Hapa inapita juu ya kichwa chako ikiwa imelala fofofo, na wewe umesimama uani umeinua antena unasikia mlio wa shhhh mwanzo mwisho. Mgeni anahitimisha kwamba antena yake mbovu, anaibomoa, anaachana na mambo haya. Nimeona vijana wazuri tu wameishia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Dodoma, Singida, Kondoa, Mpwapwa: anza na vitu vinavyopiga kelele vyenyewe. Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kipo kama kilomita 420 juu na kinazunguka dunia kila baada ya dakika 90 na kitu. Sikiliza 145.825, hapo kuna data za pakiti, utasikia mikwaruzo mifupi ya "braaap". Sikiliza pia 145.800, ndiyo masafa ya sauti na ya picha za SSTV (picha zinazotumwa kama mlio wa sauti) zikiwepo. Kwa picha huhitaji kompyuta: pakua Robot36 kwenye simu ya Android, iweke karibu na spika ya redio, picha inajichora mstari kwa mstari. Kwa mtindo wanaoupenda, PD120, picha moja inachukua kama dakika mbili. Picha hazirushwi kila siku, ni kwa matukio maalumu yanayotangazwa na ARISS, mpango wa redio ya ridhaa wa ISS, kwa hiyo fuatilia ratiba kabla hujachoka bure.

Antena. Ile fimbo ya mpira inayokuja na redio ya mkononi itakusikilizisha ISS ikiwa juu kabisa, lakini kwa shida. Tengeneza yagi (antena ya vipande vilivyopangwa kwenye bomba, inayoelekezwa upande mmoja) ya futi ya chuma, ile futi ya mafundi ujenzi. Unahitaji bomba la PVC kama mita moja, futi moja iliyochoka, klipu za kubania bomba, na waya wa antena. Vipimo vya sentimita: kipande cha nyuma 105, cha mbele 89, cha katikati ni nusu mbili za 45 kila moja zisizogusana. Kutoka nyuma mpaka katikati 20, kutoka katikati mpaka mbele kama 32. Zile nusu mbili ziunganishe pia kwa waya mfupi wa kama sentimita 13 uliokunjwa U, ndio unaolinganisha antena na waya wako. Kwangua rangi ya futi kabla ya kuchomelea, na ukwangue kwelikweli mpaka chuma king'ae, la sivyo risasi haishiki. Uzuri wa futi ni kwamba unaikunja, unaingia nayo kwenye daladala, ukifika unaiachia inanyooka yenyewe.

Kujua inapita lini: kwenye simu weka Look4Sat, ni ya bure. Kwenye kompyuta Gpredict. Zote zinahitaji zile data za mizunguko, mistari miwili ya tarakimu kwa kila satelaiti, na data hizo zinachacha. Zisasishe kila wiki, na kwa ISS hata mara nyingi zaidi maana huwa wanakisukuma kubadili kimo. Gridi yetu (msimbo wa mahali wanaoutumia watu wa redio) Dodoma mjini ni KI73. Simu ikikuuliza mahali ulipo andika hivyo.

Kosa la wengi ni kusubiri ISS itokee kaskazini. Mzunguko wake umeinama nyuzi 51.6, kwa hiyo hapa kwetu inakatiza kimshazari: ama inatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ama kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Mpito mzima ni dakika kumi hivi kwa wingi. Unaifuata kwa mkono taratibu, na sauti ikififia usikimbilie kubadili masafa, zungusha kwanza kifundo cha mkono, antena ilale au isimame. Mara nyingi inarudi.

Nitaendelea na dopla na mengine kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

---

Zabibu Kavu

Mkuu umetisha. Ila swali la msingi: hii haitupeleki Segerea? Maana hapa ndiyo makao makuu, ukisimama na kitu kama bunduki ya plastiki unaelekeza angani…

---

Mzee wa Kizota

Vijana hamjambo. Hilo la Zabibu Kavu ni la maana kuliko antena, ngoja nilijibu mimi.

Kutuma ni lazima uwe na leseni ya redio ya ridhaa, inatolewa na TCRA. Msingi wake ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ukipewa leseni unapewa na jina la mwito linaloanza na 5H, ndio utambulisho wa Tanzania duniani kote. Hilo ndilo unalotaja hewani, si jina la utani. Na vifaa navyo viwe vile vinavyokubalika, usinunue tu redio ya mkononi kwa mtu wa mtaani ukaanza kubonyeza. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Nendeni mkaulize, hawang'ati. Ulizeni hata kama nia yenu ni kusikiliza tu, mpate jibu la mwenye mamlaka kuliko jibu la kijiweni.

Pili, ridhaa maana yake hakuna biashara. Huwezi kutangaza saluni ya shemeji yako kupitia satelaiti.

Tatu, majirani. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema. Mimi nilikwenda naye mpaka uani, nikamsikilizisha, sasa ndiye anayewaelekeza watu: "yule mzee anaongea na satelaiti." Wananipita kwa heshima kidogo na kwa wasiwasi kidogo. Halafu tumieni akili: usisimame na antena karibu na kambi, uwanja wa ndege, Mtumba au upande wa Ikulu ya Chamwino halafu ushangae ukiulizwa maswali. Nenda shambani.

---

Mlinda Anga Iyumbu

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kuweka hilo sawa. Ningelianza nalo.

---

Mzee wa Kizota

Marahaba. Endelea na dopla yako.

---

Jembe Butu

Samahani wakuu, mimi mwenzenu naona kama ni kupoteza muda. Mtu ana WhatsApp, anapiga video mpaka Canada. Aende akasimame juani na futi asikie "braaap"? Faida yake nini?

---

Mlinda Anga Iyumbu

Jembe Butu, haina faida. Kuna watu wanafuga njiwa. Tuendelee.

Dopla. Satelaiti inakimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Ikija kwako masafa yanapanda, ikikuacha yanashuka, kama honi ya basi la mkoani linalopita kituo bila kusimama. Kwenye 145 MHz tofauti ni kama kilohezi tatu na nusu tu, redio ya FM inavumilia, usihangaike. Kwenye 437 ni karibu kilohezi kumi kila upande na hapo ndipo watu wanapotea. Dawa yake ni kuhifadhi chaneli tano. Kwa SO-50: 436.805, 436.800, 436.795, 436.790, 436.785. Ikichomoza uko ya kwanza, ikiwa juu uko ya katikati, ikizama uko ya mwisho. Kwa ripita ya ISS ikiwa imewashwa, inashusha 437.800, kwa hiyo unaanzia 437.810 na kumalizia 437.790. Kupanda ni 145.990 na toni ya 67 Hz, hayo ya kupanda huyabadilishi kufuata dopla.

Mwenye leseni akitaka kumpata mtu kweli: angalia ramani ya programu, usiangalie kimo peke yake. ISS inaona kama kilomita 2,200 kila upande. Mpito unaokwenda juu kabisa ya Dodoma ndio mtamu kwa kusikia, ila duara lake linaishia kabla ya Johannesburg. Mpito wa chini upande wa kusini, nyuzi 10 au 15 tu juu ya upeo, duara linaangukia Zimbabwe na Afrika Kusini, na huko ndiko kuna watu wengi wa redio ya ridhaa. Huku tunasema mpito wa chini ni mbaya. Kwa mtu wa Dodoma anayetafuta mazungumzo, wa chini upande wa kusini ndio wenye watu. Na ukitaja KI73 wataacha kila kitu, gridi zetu ni adimu, wengine wanazitafuta miaka.

---

Binti Chilonwa

Habari za humu. Mimi niko UDOM mwaka wa pili, sina redio ila nina kidude cha SDR cha USB nilichoazimwa. Nimeona video nyingi watu wanapokea picha za mawingu kutoka NOAA 15, 18 na 19 kwenye 137 MHz. Nimejaribu wiki hii yote sipati kitu. Antena yangu nimepima vizuri kabisa.

---

Mlinda Anga Iyumbu

Dada Binti Chilonwa, antena yako usiiguse. Satelaiti zenyewe hazipo kazini. NOAA 18 ilizimwa Juni 2025, 19 na 15 zikafuata Agosti mwaka huo huo. Video zimebaki mtandaoni, zinaendelea kuwasumbua watu.

Hamia Meteor za Urusi: M2-3 na M2-4. Ziko hapo hapo 137, ama 137.100 ama 137.900. Tofauti ni kwamba zinatuma kidijitali, kwa hiyo ile raha ya kusikia tiki-toki-tiki-toki haipo, ila picha ni safi zaidi. Tumia SatDump, ni ya bure, kuna mpaka ya Android. Antena ni ile ile ya V: mikono miwili ya sentimita 53 kila mmoja, katikati yake nyuzi 120, ilale mlalo kama mita moja kutoka ardhini, ikielekea kaskazini-kusini. Meteor zinapita karibu kaskazini-kusini kabisa, kimo cha kilomita mia nane na kitu, kwa hiyo huna haja ya kuifuata kwa mkono. Unaiweka, unakwenda kunywa chai.

Usiifanyie hosteli ndani ya chumba. Toka nje.

---

Binti Chilonwa

Asante kaka. Nje wapi? Hosteli zetu taa kila kona.

---

Mlinda Anga Iyumbu

Taa ndizo adui. Zile za LED za bei poa na chaja za simu zinapiga kelele ajabu kwenye masafa haya. Inveta za sola ni balaa zaidi. Njia rahisi ya kupima: fungua SDR, tazama ule mchoro wa masafa unaoshuka kama maporomoko ya maji, zima taa moja moja uone mstari upi unapotea. UDOM mna bahati, mko juu na pana, tembeeni mbali kidogo na majengo muelekee upande usio na nguzo. Muwe wawili au watatu, usiende peke yako jioni.

Mjini penyewe shida nyingine ni vilima. Mtu aliye chini ya jabali upeo wake umekatwa, dakika tatu za kwanza za mpito hazioni. Nzuguni na Ihumwa kuko tambarare zaidi.

---

Binti Chilonwa

Mrejesho wakuu!!! Meteor M2-4, mpito wa asubuhi. Mistari ya chini imechafuka ila Ziwa Victoria linaonekana LOTE, na Tanganyika ule mkia mrefu, na mawingu yamejaa upande wa Kongo, kwetu kweupe pee. Roommate anasema nimepakua Google. Nampeleka kesho akashike mwenyewe waya.

---

Mzee wa Kizota

Hongera sana binti yangu.

---

Fundi Dishi Nkuhungu

Nimesoma kimya kimya ila naona mmesahau kitu kikubwa, na mimi ndiyo kazi yangu ya mkate kwa hiyo mniruhusu nitambe kidogo.

Mwanzisha uzi analalamika anga ni kimya. Ni kweli kwa hizi zinazopita. Lakini ipo moja haipiti, imesimama. QO-100. Ni kifurushi cha redio ya ridhaa kilichomo ndani ya satelaiti ya televisheni ya Qatar, Es'hail-2, ilirushwa Novemba 2018, iko nyuzi 25.9 mashariki. Inafunika Afrika nzima, Ulaya, kutoka Brazil mpaka Thailand, saa 24. Hapo hakuna ukimya. Muda wowote ukifungua kuna mtu anaongea, Mjerumani anamwita Mwafrika Kusini, Mbrazili anaingilia.

Na kitu cha kupokelea mnacho mapaani. Madishi mangapi Dodoma yamekaa kutu kwa sababu mwenye nyumba kahama king'amuzi? La sentimita 60 mpaka 90 linatosha kabisa kwa kusikiliza.

Kupiga dishi sasa. Hapa Dodoma DStv iko nyuzi 36, karibu juu ya utosi, kama nyuzi 83 kutoka upeo. Azam iko nyuzi 7, magharibi, kama nyuzi 56 kutoka upeo. QO-100 iko katikati ya hizo mbili: dira 302, yaani kaskazini-magharibi, mwinuko nyuzi 76. Kwa hiyo mwenye dishi la DStv anateremsha kidogo tu na kuligeuza magharibi. Msidanganywe na sura ya dishi: haya ya kawaida yana mtazamo wa pembeni, linaonekana limeinama chini kuliko linakotazama hasa, kwa nyuzi ishirini na kitu. Ukipima kwa kuweka kipima nyuzi juu ya uso wa dishi bila kutoa hiyo tofauti utatafuta mpaka kesho.

Halafu LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Chukua ile ya kawaida ya Ku, yenye 9750 na 10600. Masafa ya kushuka ya upande wa sauti ni 10489.500 mpaka 10490.000. Toa 9750, unabaki na 739.500 mpaka 740.000, na hapo SDR ya USB inafika bila shida. Bikoni ya katikati, ile alama inayotumwa muda wote, utaikuta 739.750. Umeme wa LNB uwe volti 12 mpaka 14 ili ipokee wima. TAHADHARI: usichomeke SDR moja kwa moja kwenye waya wenye umeme wa king'amuzi, utaichoma. Tumia kigawanyio chenye tundu moja lisilopitisha umeme, SDR ikae hapo.

Na jambo ambalo mafundi wa Ulaya hawalifikirii: sisi tuko karibu na ikweta, satelaiti iliyo pembeni kidogo tu inataka LNB izungushwe sana kwenye kishikio. Kwa QO-100 hapa ni karibu nyuzi 60. Legeza skrubu, zungusha taratibu huku mtu wa chini anaangalia bikoni kwenye skrini. Mkipitisha mahali penyewe bikoni inaruka juu, hamtakosea.

---

Jembe Butu

Fundi hili sasa nimelipenda. Ninalo dishi la bamdogo limekaa tu. Kwa hiyo nikishapiga nafungua FM nasikia?

---

Fundi Dishi Nkuhungu

FM hairuhusiwi huko, inakula nafasi. Watu wanatumia SSB (sauti inayotumwa kwa upande mmoja tu wa wimbi) na mosi. Kwenye programu ya SDR chagua USB, maana yake upande wa juu wa wimbi. Sauti ikitoka kama bata, sogeza kidogo kidogo mpaka iwe ya mtu.

Utaona pia masafa yanahama. Si satelaiti, ni LNB yako inachomwa na jua la saa saba. Ya kawaida haina kidhibiti kizuri cha masafa, asubuhi bikoni iko hapa, mchana iko kilohezi kadhaa pembeni. Zipo programu zinazoifuata bikoni zenyewe na kusahihisha. Au nunua LNB yenye kioo kinachohimili joto.

---

Mzee wa Kizota

Niongezee kwa wenye leseni. Kutuma QO-100 ni 2400 MHz, gigahezi 2.4, jirani kabisa na Wi-Fi. Wati chache tu kwa dishi la sentimita 80 zinatosha kuongea. Usizidishe. Bikoni ndiyo kipimo, usiwe na nguvu kuliko yenyewe. Ukizidi kuna mtambo unaitwa LEILA, unakupigia king'ora juu ya sauti yako mwenyewe dunia nzima ikisikia. Ni aibu.

Na sauti yako unaisikia ikirudi baada ya robo sekunde hivi, kwa kuwa imekwenda kilomita 36,000 juu na kurudi. Mwanzoni inakukwamisha ulimi. Punguza spika ukiwa unasema.

Wasio na chochote kabisa, hata dishi: kuna kipokezi kilichounganishwa na intaneti huko Goonhilly, Uingereza, unakifungua kwa kivinjari na kusikiliza QO-100 bure. Mimi napendekeza mfanye hivyo kwanza jioni moja, mzoee masikio.

---

Mwl. Mpwapwa

Salamu kutoka Mpwapwa. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Nimeusoma uzi wote. Dopla naifundisha kila mwaka kwa king'ora cha gari la wagonjwa na wanafunzi wananiangalia tu. Je, inawezekana shule kuongea na wanaanga wenyewe? Nimewahi kusikia, sijui kama ni za kweli.

---

Mlinda Anga Iyumbu

Mwalimu, ni za kweli. Mwanaanga wa kwanza kuongea na watu wa redio ya ridhaa akiwa angani ni Owen Garriott, ndani ya chombo Columbia mwaka 1983, akiwa na redio ya mkononi na antena ameiweka dirishani. Tangu mwaka 2000 ARISS wanapanga shule zizungumze na ISS. Wanafunzi wanapanga foleni, kila mmoja anauliza swali lake na kusema "over", mwanaanga anajibu. Muda wote ni dakika kumi hivi, kituo kikizama imekwisha hata kama kuna mtoto hajauliza. Maombi yanafunguliwa kwa vipindi na wanataka kuona mpango wa masomo, si vifaa tu. Kama hamna kituo chenu, wanaweza kuwaunganisha kupitia kituo cha ardhini cha nchi nyingine kwa simu au intaneti.

Ila usisubiri hilo. Kwa somo lako la dopla, rekodi SO-50 au ripita ya ISS kwa SDR. Ule mstari kwenye skrini unajikunja wenyewe kama S ndefu. Watoto wachukue masafa ya mwanzo na ya mwisho, wakokotoe mwendo wa satelaiti. Jibu linakuja karibu na kilomita saba kwa sekunde kwa kalamu na karatasi.

Na uwaambie habari ya AO-7. Ilirushwa Novemba 1974, betri ikafa 1981, watu wakaizika. Mwaka 2002 ikasikika tena. Betri iliyokuwa imepiga shoti ilikatika ndani, umeme wa sola ukapata njia ya kupita moja kwa moja kwenye mitambo. Tangu hapo inafanya kazi ikiwa juani, ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika, ikitoka inaamka. Hiyo ni sakiti mfululizo na sambamba ndani ya hadithi moja.

---

Mwl. Mpwapwa

Hiyo ya AO-7 naiweka kwenye mtihani wa mwezi. Asante sana. Swali dogo: programu yangu inaniambia mpito ni 16:42 UTC. Nimejichanganya.

---

Zabibu Kavu

Mwalimu hiyo rahisi. Saa yetu ni UTC ongeza tatu, kwa hiyo 19:42. Ukitaka saa ya Kiswahili moja kwa moja, UTC toa tatu: 16 toa 3 ni 13, ondoa 12, ni saa moja na dakika 42 usiku. Inakubali kila wakati. UTC 9 ni saa sita mchana.

---

Mlinda Anga Iyumbu

Zabibu Kavu hiyo sikuwa nimeiona popote, naiiba.

---

Jembe Butu

Wakuu niko juu ya bati hapa. Dishi nimeligeuza, kigawanyio ninacho, ila waya wa dishi una kichwa kinene cha kuzungusha na SDR ina tundu dogo la dhahabu. Haviingiliani. Nafanyaje?

---

Fundi Dishi Nkuhungu

Waya wa dishi ni kichwa cha F, SDR ni SMA. Uliza maduka ya spea za elektroniki adapta ya F ya kike kwenda SMA ya kiume, usikubali wakupe ya Wi-Fi ambayo sindano yake imegeuzwa, inafanana lakini haigusi katikati. Waya wenyewe wa ohm 75 kwa kusikiliza hauna neno. Na ushuke kwenye bati kwanza, bwana, kuna upepo leo.

---

Jembe Butu

Nimeshuka. Naenda Majengo kuitafuta. Nikikosa naipata wapi?

---

Fundi Dishi Nkuhungu

Pitia kwangu Nkuhungu, nina mbili. Moja nakuazima.